Myahudi Tusiyemjua: Uhakiki wa Mabepari wa Venisi

Utangulizi

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa tafsiri ya tamthilia ya William Shakespeare ambayo kwa Kiingereza inaitwa The Merchant of Venice. Yeye aliipa jina la Mabepari wa Venisi. Hiyo ilikuwa tamthilia ya pili ya Shakespeare kuitafsiri. Ya kwanza, Julius Caesar, ilikuwa imetoka mwaka 1963. Tafsiri hizo mbili ziliwanyamazisha waliodai kuwa Kiswahili ni lugha ya sokoni na jikoni tu, na kwa hilo kila mwanafunzi wa Kiswahili ana deni kwa Mwalimu, awe Dodoma, Mombasa au hapa Rubavu.

Makala haya hayakusudii kupima kama mfasiri amefuata mizani ya mwandishi, wala kuhesabu misamiati aliyoiteua. Yanauliza swali moja: je, msomaji wa Kiswahili anamjua mtu anayehukumiwa ndani ya tamthilia hii? Mtu huyo ni Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha. Jibu langu ni kwamba hatumjui. Tunawajua Ibrahimu, Musa na Daudi. Tunawajua Mafarisayo, na jina lao tumelifanya tusi la kumwita mnafiki. Lakini kutoka Mafarisayo wa Injili hadi Shylock wa Venisi kuna karne 15 ambazo hatukufundishwa chochote. Ninashikilia kwamba asiyejua misingi ya dini, historia na utamaduni wa Wayahudi hawezi kuihakiki tamthilia hii kwa haki, na kwamba kwetu sisi wa Gisenyi ujinga huo una hatari ya pekee.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Bassanio anataka kwenda kumposa Portia, binti tajiri, lakini hana fedha. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini, anamkopea dukati 3,000 kwa Shylock kwa miezi mitatu. Shylock hataki riba. Anataka hati inayosema kwamba deni lisipolipwa kwa wakati, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Meli zinasemekana kuzama, siku inapita, na Shylock anadai haki yake mahakamani. Portia, aliyejigeuza mwanasheria wa kiume, anamshinda kwa hila ya maneno: nyama achukue, lakini damu isidondoke. Shylock anapoteza mali na dini yake, na wengine wanaendelea na furaha ya ndoa.

Jina na wingi wake

Wahakiki wa tafsiri hii huanza na jina, nami nitaanza hapo. Jina la Kiingereza lingeweza kutafsiriwa kwa urahisi kuwa Mfanyabiashara wa Venisi. Nyerere hakufanya hivyo. Alibadili mambo mawili kwa pamoja: mfanyabiashara akawa bepari, na umoja ukawa wingi.

Neno bepari lina asili ya Kihindi, na maana yake ya awali ni mfanyabiashara tu, bila lawama. Lakini mwaka 1969 haikuwezekana tena kulisikia hivyo. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, mabenki yametaifishwa, na katika hotuba na nyimbo bepari alikuwa mnyonyaji, kupe anayeishi kwa damu ya wengine. Kwa hiyo neno moja lilibeba maana mbili, ya zamani ambayo haimkosei Shakespeare, na mpya ambayo inamhukumu kila tajiri wa Venisi.

Badiliko la pili ndilo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona. Mfanyabiashara wa jina la Kiingereza ni Antonio, si Shylock. Nyerere alipoweka wingi aliwaingiza wote wawili katika kapu moja, pamoja na Venisi nzima. Na tamthilia yenyewe inamuunga mkono. Portia anapoingia mahakamani, anauliza kwanza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi. Katika shauri hilohilo Shylock anawakumbusha waungwana wa Venisi kwamba wao wamenunua watumwa, wanawatumikisha kama punda na mbwa, na hawako tayari kuwaachia huru kwa sababu waliwalipia. Kama ratili moja ya nyama ni unyama, basi nyama ya mtu mzima mzima aliyenunuliwa sokoni ni kitu gani? Hakuna anayemjibu.

Hii ndiyo nguvu kubwa ya tafsiri ya Nyerere, na pia ndipo tatizo linapoanzia. Jina liko katika wingi lakini sisi tunalisoma katika umoja. Muulize mwanafunzi bepari ni nani, atakujibu: Shylock. Muulize Antonio ni mhusika wa aina gani, atakujibu: mwema, mwenye huruma, rafiki wa kweli. Kwa nini wingi wa jina unapotea njiani? Kwa sababu yule mmoja ana alama ambayo tumezoea kuidhania ubaya bila kuuliza: ni Myahudi. Jina la tafsiri lilitaka kuuhamisha mjadala kutoka kwenye dini hadi kwenye tabaka, lakini dini haikuhama. Imekaa palepale, isipokuwa sasa hatuoni haja ya kuichunguza.

Geto

Tuanze na mahali. Vijana wa Afrika Mashariki huita chumba cha kupanga geto. Kijana akikwambia twende geto, anamaanisha kwake, penye godoro, jiko dogo na uhuru wake. Ni wachache wanaojua kwamba neno hilo linatoka Venisi, mji uleule wa tamthilia, na kwamba mwanzoni halikuwa na uhuru wowote ndani yake. Mwaka 1516 serikali ya Venisi iliamuru Wayahudi wote wa mji wakae katika eneo moja lililoitwa Geto. Usiku malango yalifungwa na kulindwa na walinzi Wakristo, ambao mishahara yao ililipwa na Wayahudi wenyewe. Mchana waliruhusiwa kutoka, lakini kwa kuvaa alama ya rangi ili kila mtu awatambue. Malango hayo yaling'olewa mwaka 1797, majeshi ya Napoleon yalipoingia mjini.

Shakespeare haitaji Geto hata mara moja. Shylock wake ana nyumba yenye madirisha yanayotazama barabarani, na anatoka usiku kwenda kula karamu. Hilo si ajabu. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi Uingereza mwaka 1290, na ruhusa ya kukaa huko waziwazi haikurudi mpaka miaka ya 1650. Tamthilia iliandikwa katikati ya kipindi hicho, mwishoni mwa miaka ya 1590. Kilichokuwa kinavuma London wakati huo ni kesi ya Roderigo Lopez, daktari wa Malkia, mwenye asili ya Kiyahudi ya Kireno, aliyenyongwa mwaka 1594 kwa tuhuma za kutaka kumpa Malkia sumu. Watazamaji wa kwanza wa Shylock walikuwa watu waliojazwa habari za Wayahudi bila kuishi nao. Msomaji wa Kiswahili yuko katika hali hiyohiyo, na hilo linapaswa kutushtua.

Riba

Msomaji wa kwetu, awe Mwislamu au Mkristo, hukutana na riba akiwa tayari ameshaihukumu. Waislamu wanajua kuwa riba ni haramu. Wakristo wanajua kuwa Kanisa liliikemea kwa karne nyingi. Na hapa Rwanda kila mtu anawajua wakopeshaji wa kichinichini wanaoitwa banki Lambert, wanaochukua kiwanja au pikipiki ya mtu kwa deni dogo lililovimba. Kwa hiyo Antonio anapojisifu kwamba hukopesha bila riba, tunampigia makofi. Na Shylock anapotetea faida yake kwa kisa cha Yakobo na kondoo wa Labani, tunamwona mjanja tu.

Lakini Torati yenyewe inakataza riba. Iko katika Kutoka sura ya 22, katika Walawi sura ya 25, na tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23: usimtoze ndugu yako riba. Sehemu ya mwisho inaruhusu kumtoza mgeni, na hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ila mlango ukiwa wazi haimaanishi kwamba mtu alipita kwa hiari yake. Katika sehemu nyingi za Ulaya Wayahudi walikatazwa kumiliki ardhi, na vyama vya mafundi viliwafungia milango. Kanisa nalo liliwakataza Wakristo kukopesha kwa riba, lakini wafalme na maskini wote walihitaji mikopo. Kazi hiyo chafu akatafutiwa mtu ambaye tayari alikuwa nje. Venisi iliandika jambo hili katika mikataba: Wayahudi wataruhusiwa kukaa mjini kwa sharti kwamba watatoa mikopo kwa maskini, kwa kiwango cha riba kilichopangwa na serikali, na wailipe serikali kodi kubwa juu yake.

Tazama basi jinsi mtego ulivyotegwa. Mtu anazuiwa kazi zote isipokuwa moja, kisha anachukiwa kwa sababu ya kazi hiyo moja, kisha chuki hiyo inaitwa tabia ya kabila lake. Anayejua historia hii hataacha kumlaumu Shylock kwa kisu chake, lakini ataacha kusema kwamba Wayahudi ni watu wa riba. Ataanza kuuliza nani alinufaika na Venisi ilivyopangwa. Na akiuliza hivyo atakuwa ameurudia ule wingi wa jina la Nyerere kwa njia ya uhakika zaidi: mabepari wa Venisi walikuwa wengi, lakini mmoja tu ndiye aliyefungiwa lango usiku.

Meza na nyumba

Kuna jambo dogo ambalo msomaji wa pwani anaweza kulielewa kuliko watazamaji wa Shakespeare. Bassanio anapomwalika chakula, Shylock anajibu kwamba yuko tayari kununua na kuuza nao, kutembea na kuzungumza nao, lakini si kula, kunywa wala kusali nao. Mara nyingi jibu hili husomwa kama ushahidi wa chuki. Mwislamu wa Gisenyi anayeuliza nyama imechinjwa na nani kabla ya kunyoosha mkono hawezi kulisoma hivyo. Dini ya Kiyahudi ina sheria zake za chakula: nguruwe haliwi, nyama haichanganywi na maziwa, mnyama huchinjwa kwa utaratibu maalumu, na damu huondolewa kwa kuloweka nyama na kuitia chumvi kabla ya kupikwa.

Nisimame kwenye damu. Torati inakataza kula damu kwa sababu uhai umo ndani yake, na Wayahudi wamelishika katazo hilo kwa ukali kuliko karibu watu wengine wote. Hata hivyo, tangu karne ya 12 walizushiwa Ulaya kwamba huwaua watoto wa Kikristo ili watumie damu yao katika ibada. Uzushi huo ulianzia Norwich, Uingereza, mwaka 1144, na huko Trent mwaka 1475 uligharimu maisha ya Wayahudi kadhaa. Mtazamaji wa London aliyemwona Myahudi jukwaani akinoa kisu mbele ya kifua cha Mkristo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Hadithi alikuwa nayo kichwani. Msomaji wetu hana hadithi hiyo, na ni heri kwake. Lakini mhakiki lazima aijue, la sivyo ataudhania uzushi wa zamani kuwa ni ubunifu wa mwandishi.

Na nyumbani kwa Shylock kuna kitu kingine kinachopita haraka. Binti yake Jessica anatoroka na Lorenzo, anabeba dukati na vito, na anabadilisha pete moja kwa tumbili. Pete hiyo Shylock alipewa na Leah kabla ya kuoana naye. Wanafunzi hucheka mahali ambapo mzee analia fedha na binti kwa pumzi moja, kama wahusika wa Venisi wanavyocheka. Hawasimami kwenye pete. Leah hatajwi tena, lakini kwa sentensi moja Shakespeare ameonyesha kwamba mkopeshaji huyu aliwahi kupendwa, na kwamba kuna kitu ambacho asingekiuza kwa bei yoyote.

Sheria na huruma

Moyo wa tamthilia ni mahakama, na moyo wa mahakama ni hotuba ya Portia kuhusu huruma. Tamthilia imepangwa ili Shylock awe upande wa sheria kavu na Portia upande wa rehema. Mgawanyo huu umetuingia sana kwa sababu tumeusikia kanisani: Agano la Kale ni sheria, Agano Jipya ni neema. Hapa ndipo kutojua misingi ya dini ya Kiyahudi kunapotupotosha kuliko mahali pengine popote.

Wayahudi hawasomi Torati peke yake. Wanaisoma pamoja na Mishna na Talmudi, yaani majadiliano ya marabi ya karne nyingi kuhusu namna ya kuitekeleza. Chukua sheria ya jicho kwa jicho, ambayo watu huitaja kama mfano wa ukatili wa Kiyahudi. Mishna inaifafanua kuwa malipo ya fedha. Aliyemjeruhi mwenzake atalipa mambo matano: upungufu wa mwili, maumivu, matibabu, muda wa kazi uliopotea, na aibu. Mishna hiyohiyo inasema kwamba mtu haruhusiwi kujijeruhi mwenyewe. Zaidi ya hayo, kuokoa maisha ya mtu hutangulia karibu amri zote, hata Sabato. Kwa kipimo hicho, hati ya ratili ya nyama isingesimama mbele ya marabi hata kwa asubuhi moja. Shylock anapodai nyama hafuati sheria ya Kiyahudi. Anafuata sheria ya mikataba ya Venisi, na ni Venisi inayoogopa kuivunja kwa sababu biashara yake na wageni inategemea mikataba hiyo.

Kuhusu huruma nako, Portia hamfundishi Shylock kitu kipya. Katika Kutoka sura ya 34 Mungu anajitambulisha kwa Musa kwa sifa za huruma na uvumilivu, na Wayahudi huzikariri sifa hizo katika sala zao za toba. Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, ndiyo siku kuu kabisa ya mwaka wao: hufunga tangu jioni hadi usiku unaofuata na kuomba msamaha. Mishna inaongeza sharti ambalo Wanyarwanda hawawezi kulisikia bila kulitafakari: kosa la mtu kwa Mungu husamehewa siku hiyo, lakini kosa la mtu kwa mtu halisamehewi mpaka aliyekosa amwendee aliyemkosea na kumridhisha. Tangu mahakama za gacaca zifungwe mwaka 2012 bado tunajiuliza maana ya msamaha ambao aliyeumizwa hakuombwa. Marabi walilijadili swali hilo karibu miaka 1,800 kabla yetu.

Basi linganisha huruma hiyo na ile inayotendeka jukwaani. Antonio, aliyekuwa akimtemea mate Shylock na kumwita mbwa, hamwombi radhi hata mara moja. Portia anayehubiri rehema anamwacha Shylock aendelee kunoa kisu hadi dakika ya mwisho ndipo afunge mtego. Kisha huruma inagawiwa: uhai wake anaachiwa, mali yake itakwenda kwa mtu aliyemtorosha binti yake, naye mwenyewe lazima abatizwe.

Ubatizo wa mwisho

Kwa msomaji Mkristo asiyejua historia, sharti hilo la mwisho linaweza kuonekana kama zawadi. Kwa Myahudi ni kifo kingine. Wayahudi wa Hispania waliamriwa mwaka 1492 wabatizwe au waondoke. Wale waliokimbilia Ureno walikumbana na ubatizo wa nguvu mwaka 1497, na kwa vizazi vingi baadaye watoto na wajukuu wao waliviziwa na kuchunguzwa kama bado wanawasha taa siku ya Ijumaa jioni.

Wala hatuhitaji kwenda Hispania. Mwaka 1919, karibu na Mbale mashariki mwa Uganda, kiongozi wa kijeshi Semei Kakungulu, aliyekuwa Mkristo na msomaji mkali wa Biblia, alijitahiri, akawatahiri wanawe, na akaanzisha jumuiya inayoitwa Abayudaya. Jumuiya hiyo ilijifunza dini kutoka kwenye maandiko kwanza, kisha kutoka kwa Wayahudi wachache waliopita njia hiyo. Katika miaka ya 1970 Idi Amin alipiga marufuku dini yao, na wengi wakaingia Ukristo au Uislamu. Wachache walibaki wakisali kwa siri. Kiongozi wao Gershom Sizomu alipata daraja la urabi mwaka 2008 baada ya masomo Marekani, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge. Ukiijua habari hii, kitendo cha tano cha tamthilia, chenye mbalamwezi, muziki na wapenzi wanaotaniana juu ya pete, hakisomeki tena kama ramsa tupu. Kuna mtu hayupo kwenye karamu hiyo, na hakuna anayeuliza aliko.

Amri Kumi za Gisenyi

Nilisema kwamba kwetu ujinga huu una hatari ya pekee. Sababu ni hii. Desemba 1990 gazeti la Kangura, lililohaririwa na Hassan Ngeze, mzaliwa wa hapa Gisenyi, lilichapisha maandishi yaliyoitwa Amri Kumi za Wahutu. Umbo la maandishi hayo liliibwa kutoka Torati. Lakini Wayahudi huhesabu amri zile kumi kwa kuanzia na tangazo kwamba Mungu aliwatoa utumwani Misri. Zinaanza na ukombozi, ndipo makatazo yanafuata. Za Kangura zilianza na marufuku ya kuoana na kupendana na wanawake wa Kitutsi.

Ya nne ilidai kwamba kila Mtutsi si mwaminifu katika biashara, na ikamwita msaliti Mhutu yeyote atakayeshirikiana naye kibiashara, kumkopesha au kukopa kwake. Ya nane iliwaambia Wahutu waache kuwahurumia Watutsi. Biashara, mkopo, ndoa, huruma: mambo yaleyale manne yanayoijenga Mabepari wa Venisi. Sisemi kwamba Shakespeare alimfundisha Ngeze. Ninasema kwamba mfano wa mfanyabiashara mdanganyifu ambaye udanganyifu wake uko katika kabila lake ni vazi lililokwisha kushonwa, na mtu mwovu anaweza kumvisha yeyote. Huko Vienna mwaka 1943, chini ya utawala wa Hitler, tamthilia hii ilichezwa kwa makusudi ya kuwachukiza watu dhidi ya Wayahudi, wakati treni za kwenda kwenye kambi za mauaji zikiendelea kupita. Hapa kwetu vazi hilo lilivishwa Watutsi, na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yakafuata. Ngeze alihukumiwa mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, na mwaka 2007 rufaa ilikipunguza kifungo chake kuwa miaka 35. Mahakama hiyo ilikaa Arusha, mji uleule wa Azimio.

Hitimisho

Mtu anaweza kunipinga kwamba ramsa ni ramsa, na kwamba kuipakia historia yote hii ni kumwonea mwandishi. Ninakubali kwamba watazamaji wa kwanza walicheka. Lakini Shakespeare mwenyewe alimpa Shylock hotuba ya kuuliza kama Myahudi hana macho, mikono na viungo, na kama akichomwa hatoki damu. Mwandishi aliyetaka kicheko tu asingeiandika. Mwingine anaweza kusema kwamba Nyerere alifanya vizuri kuitoa dini na kuweka tabaka, kwa sababu tabaka ndilo lililotusumbua Afrika Mashariki. Nimeshaonyesha kwamba wingi wa jina lake ni uamuzi wenye busara. Ila tabaka peke yake halielezi kwa nini kati ya mabepari wote wa Venisi mmoja tu anaitwa mbwa, na mmoja tu anabatizwa kwa nguvu.

Hukumu yangu juu ya tafsiri hii ni kwamba ni kazi kubwa, na kwamba sisi wasomaji ndio tunaoipunguza. Dawa yake si ngumu. Mwalimu anayefundisha Mabepari wa Venisi atenge vipindi viwili tu kabla ya kufungua kitendo cha kwanza. Cha kwanza kiwe cha dini: Torati na Talmudi, Sabato, chakula, Siku ya Upatanisho. Cha pili kiwe cha historia: mwaka 1290, mwaka 1492, Geto la 1516, hadi mauaji ya Wayahudi milioni sita chini ya Hitler, ambayo Jumba la Kumbukumbu la Kigali limeyaweka katika maonyesho yake pamoja na ya kwetu. Kuna mahali Rwanda ambapo somo hili limeshageuzwa kuwa matendo. Kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, Rwamagana, kilianzishwa mwaka 2008 na Anne Heyman kwa ajili ya vijana walioachwa yatima, kwa kuiga kijiji cha Israeli kilichowapokea yatima wa mauaji ya Wayahudi. Jina lake lina neno la Kinyarwanda la kufutwa machozi na neno la Kiebrania la amani.

Inasimuliwa katika Talmudi kwamba mgeni mmoja alimtaka Hillel amfundishe Torati yote wakati amesimama kwa mguu mmoja. Hillel alimwambia asimtendee mwenzake lile linalomchukiza yeye mwenyewe. Mengine yote, alisema, ni ufafanuzi. Watu wengi huishia hapo wanapolisimulia. Lakini Hillel hakuishia hapo: alimwambia mgeni yule aende akasome huo ufafanuzi.